Jiwe Chini ya Mkate

Kama kuna mtu hapa ana mkate mkononi, augeuze kwanza, autazame tumbo lake. Uko safi? Mshukuru Mungu wako, kisha tusikilizane.

Zita aliugeuza wa kwake Jumanne moja ya Aprili, akakuta umeandikwa.

Zita alikuwa mama wa miaka hamsini, kazi yake kuongoza watalii, mwenye sauti ya kengele na miguu isiyochoka. Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka, aliwapokea Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, Wayahudi waliotoka nchi za mbali kuja kutafuta mitaa ya babu zao. Aliwazungusha Vilnius, akawaleta Kaunas, mji wake mwenyewe, kisha akawapeleka Riga. Siku ya Kaunas, mchana, aliwakaribisha nyumbani kwake, ng'ambo ya mto Neris, akawapa supu ya moto na mkate mweusi uliookwa katika tanuri alilojenga baba yake. Wageni waliusifu mkate ule kuliko makanisa yote ya mji.

Sasa, katika nyumba ile mkate haukuokwa bila majani. Marehemu mama yake Zita alitandika majani ya kabichi chini ya kila donge, miaka nenda miaka rudi. Hata alipokuwa anakata roho hakutaja mali wala mazishi. Alimshika bintiye mkono, akasema, "Majani, Zita. Usije ukasahau majani." Zita akadhani ni homa inayosema. Lakini Aprili ile kabichi zote za ghalani zilikuwa zimeoza, na wageni wanaingia saa sita mchana. Akasema potelea mbali, akanyunyiza unga mkavu, akaisukuma mikate tanurini.

Alipoitoa, akaugeuza mmoja kuugonga asikie kama umeiva. Tumboni mlikuwa na mistari iliyoinuka, imejipanga safu kwa safu. Na harufu! Si ya mkate. Ilikuwa harufu ya sabuni kali na maji yaliyochemka, harufu ya chumba cha uzazi.

Kisha, ndani ya tanuri tupu, likasikika kofi. Pa! Moja tu. Kila mama analijua kofi lile, ndilo mkunga analompiga mtoto akitoka tumboni. Na kila sikio likilisikia husubiri kilio. Zita alisubiri, akasubiri. Hakuna aliyelia.

"Mama," akaita bintiye, Ugnė, aliyekuwa mezani anamenya viazi, mimba yake ya miezi tisa kasoro siku chache. Alikuwa ameweka kisu chini, viganja viwili juu ya tumbo. "Ameacha kucheza."

"Amelala, mwanangu."

"Hajalala. Ametulia kama mtu aliyeitwa jina, anasikiliza aitwe tena."

"Maneno gani hayo! Menya viazi, wageni wako njiani," alisema Zita, akafunga mlango wa tanuri.

Wageni walifika, kumi na mmoja, na njaa zao. Zita aliikata mikate harakaharaka, matumbo chini, akijichekesha kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kwenye pembe, karibu na tanuri, alikaa baba yake, mzee Pranas, miaka themanini na mitatu, anatafuna polepole na kuwatazama wageni kama anayehesabu kuku wa jirani.

Miongoni mwa wageni alikuwamo mzee mmoja mfupi, Leizer, aliyezaliwa mtaa uleule wa ng'ambo ya Neris, akapelekwa Cape Town akiwa na miaka minane, akauza vifungo vya nguo huko hadi akazeeka. Kilithuania chake kilikuwa kilekile cha mtoto wa miaka minane. Leizer alikuwa na tabia ya kugeuza kila kitu, sahani, kijiko, hata kiti kabla ya kukikalia. Akaugeuza mkate.

Akamwomba mama mmoja wa msafara kioo chake kidogo cha poda, akakishikilia kando ya ule mkate, maana herufi zilikuwa za Kiebrania na zimekaa kinyume. Midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Alipomaliza aliulaza mkate juu ya kitambaa taratibu sana, mikono miwili, kama mtu anayelaza kichanga.

"Mama Zita, tanuri hili kajenga nani?"

"Baba. Yule pale."

"Waambie wenzangu wasile tena." Akamgeukia Pranas. "Mzee mwenzangu, chini ya mkate wako pana jiwe la kaburi. Imeandikwa, hapa amelala Frume binti Meir, mkunga, aliyewapokea wengi mikononi mwake."

Vijiko vikasimama hewani. Mama wa kioo akatema tonge lake kwenye leso na kuanza kulia kimyakimya. Aibu ilimpanda Zita kutoka kifuani hadi masikioni. Miaka saba! Miaka saba aliwaleta watu hawa mezani pake, akawasimulia habari za wafu wao, kisha akawalisha juu ya jiwe lao.

"Haiwezekani," alisema Pranas. "Haiwezekani hata kidogo. Nilililaza kifudifudi! Uso chini, mimi mwenyewe, na udongo juu!"

Akafunga mdomo, lakini neno lilikwisha toka.

"Kwa hiyo uliliiba makaburini," alisema Zita.

"Nani kaiba? Yalikuwa yamelala tu kule mlimani, kila mtu anabeba! Vita vimekwisha, matofali hayapatikani, mama yako analia hana pa kuokea. Na wenyewe walikuwa wapi?"

"Unajua vizuri wenyewe walikuwa wapi," alisema Leizer. "Waliuawa. Ndiyo maana hukuzuiwa."

Pa!

Safari hii halikutoka tanurini tu. Lilipita chini ya sakafu, likapanda miguu ya meza, na Ugnė akainuka nusu, akashika ukingo, maji yakamwagika miguuni pake. Chupa imepasuka. Uchungu ukamkamata palepale, wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kupumzika katikati, na tumbo likawa gumu kama gogo. Zita akamkumbatia. Akainama kumpangusa uso, na ndipo binti akafumbua macho, akamtazama babu yake. Sauti iliyomtoka haikuwa ya msichana wa miaka ishirini na minne. Ilikuwa ya kikongwe, kavu, haina haraka.

"Pranas. Ulitoka miguu kwanza, kitovu kimekuzonga shingoni, umekuwa wa buluu. Usiku kucha nilikufungua kwa vidole hivi. Mama yako hakuwa na cha kunipa, nikachukua ahsante. Na wewe ukanichomea jina langu miaka hamsini, ushibe. Huyu simtoi. Akae humohumo."

Mkate ulimdondoka Pranas. Hakuna aliye hai aliyejua kwamba alizaliwa miguu kwanza. Hata marehemu mkewe, Pranas hakuwahi kumwambia.

"Mfanyieni dawa!" alilia Zita. "Mzee Leizer, nakuomba, nakushika miguu, mfukuze!"

"Mama, mimi ni muuza vifungo. Na hata ningekuwa bingwa wa kufukuza, nimfukuze yeye kwa kosa gani? Kadhulumiwa." Alijipangusa jasho. "Ila kwetu ipo desturi. Ukimkosea mtu, akafa, unakwenda kaburini pake na watu kumi, unavua viatu, unataja kosa lako lote mbele yao, unaomba radhi. Watu ninao. Jiwe tutalirudisha. Lakini wa kusema ni yeye, na kosa liwe lote. Tumpitishe binti hospitali kwanza."

"Nivue viatu mbele ya wageni, mimi?" aliguna Pranas.

Zita hakuwahi kumwinulia baba yake sauti tangu azaliwe. "Utavua viatu, Baba! Utavua na ngozi wakitaka! Mwanangu anakufa hapa, wewe unaangalia soksi zako!"

Walilibomoa tanuri likiwa bado la moto. Dereva wa basi na wanaume wanne waliling'oa jiwe kwa magunia yaliyoloweshwa, mvuke ukiwapanda usoni. Lilikuwa limelala chali, uso juu, na katika herufi zake hamkuwa na masizi wala chembe ya unga. Wakalitia chini ya basi penye mizigo, Ugnė wakamlaza kiti cha nyuma kichwa mapajani mwa mama yake, basi likapanda mlima kuelekea hospitali.

Njia ya hospitali inapita kwenye lango la makaburi ya zamani ya Wayahudi. Walipolikaribia, ile sauti ya kikongwe ikasema neno moja tu, "Hapa," na dereva, ambaye baadaye aliapa kwamba hakugusa chochote, akasikia basi linakanyagwa breki na mguu usio wake.

Pranas aliteremka. Ni yeye peke yake aliyejua jiwe lilitoka wapi, maana nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu. Akaongoza, kichwa chini, kumi wakimfuata na jiwe, hadi kwenye shimo dogo kando ya mti wa msonobari. Akavua viatu. Miguu yake myeupe ikazama kwenye theluji chafu iliyokuwa inayeyuka.

"Nimemkosea Frume binti Meir," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitwaa jiwe lake. Moja tu. Anisamehe."

Pa!

Na Zita, aliyebaki ndani ya basi akimshika mwanawe mabega, alilisikia kofi lile, kisha jingine, kisha jingine, sasa yanatoka pande zote za kilima, chini ya nyasi, nyuma ya misonobari, chini ya magurudumu, kana kwamba kila aliyelala pale bila jiwe ameinua kiganja chake na kupiga, na baada ya kila kofi ukimya uleule wa kusubiri kilio kisichokuja, huku midomo ya Ugnė ikigeuka buluu na kucha zake zikigeuka buluu na uchungu ukimvuta kama kamba iliyoshikwa ncha mbili, hata Zita akatoa kichwa dirishani na kupiga ukelele uliosikika hadi mtoni: "Baba, sema yote! Sema yote, nakuomba, unamuua!"

Pranas akaanguka magoti.

"Kumi na tisa!" alilia. "Ngazi za ghalani! Kizingiti! Msingi wa upande wa banda! Nilileta mkokoteni usiku, mara tatu. Kumi na tisa, basi, Frume, mwachie mtoto, mwachie!"

Pa. Safari hii kwa upole, karibu kabisa, ndani ya basi.

Na mtoto akalia. Alikuwa wa kike, kitovu kimemzonga shingoni mara mbili, lakini kilikuwa kimelegezwa, kana kwamba vidole vya mtu vimepita pale kabla ya vya Zita.

Sitawachosha. Kiangazi kile Zita aliibomoa nyumba nusu. Yakatoka mawe kumi na nane mengine, kila moja limelala uso juu, yakarudishwa mlimani moja baada ya jingine, Leizer amerudi kutoka Cape Town kuyasoma majina. Pranas alitazama akiwa kwenye kiti uani. Alifariki Novemba. Pamoja na yote alikuwa baba yake, hivyo Zita akamnunulia jiwe zuri jeusi lenye jina na miaka, mafundi wakalisimika kwa saruji.

Kesho yake walilikuta limelala kifudifudi, uso umezama udongoni. Wakalisimika tena, saruji mara mbili. Asubuhi likawa kifudifudi, na saruji haina hata ufa. Mara ya tatu mafundi walirudisha fedha, wakasema, "Mama, mtafute padri." Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka. Likalala vilevile.

Zita akamwandikia Leizer barua ndefu ya kurasa nne. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Hesabu tena."

Alihesabu, jamani. Alichimba bustani, akafumua sakafu, akagonga kila ukuta uliobaki. Miezi sita mizima. Hakuna jiwe. Akajiambia mzee wa watu alisema kweli, kumi na tisa ni kumi na tisa, na jiwe la kaburi lina sababu zake.

Mjukuu alitimiza mwaka na miezi miwili. Siku moja ya Juni, mchana kweupe, Zita alikuwa anaanika shuka, mtoto akamponyoka, akaenda kwa hatua zake za kuyumba hadi kisimani, kisima kilekile walichonywea maji maisha yao yote. Zita akatupa shuka akakimbia. Mtoto hakuwa anachungulia ndani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya lile bamba pana la kuwekea ndoo, ambalo Zita alilisugua kila Jumamosi tangu akiwa msichana, likiwa laini upande wa juu kama shavu, na upande wa chini hakuna aliyewahi kuutazama.

Mtoto akainua kiganja kidogo. Pa! Akalipiga bamba, mara moja tu. Kisha akamgeukia bibi yake, akatulia, kichwa upande, kama mtu mzima anayesubiri kusikia kitu.

Safari hii aliyelia ni Zita.