Chiriku Alipojificha

Mimi ni fundi cherehani, nashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Binti yangu ana miaka sita. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki.

Kila nilipowasha pasi ya mkaa nilimwambia, "Ukiigusa utanitambua." Niliona nimeshamfunza. Moto ukitokea afanye nini, sikuwahi kumwambia.

Asubuhi moja nilitoka mara moja kununua uzi. Chiriku akataka kunisaidia kunyoosha kola. Kaa likaangukia vitambaa. Niliporudi, moshi ulikuwa ukitoka dirishani.

Nilijaribu kuingia, moshi ukanirudisha. Nikamwita mpaka sauti ikanikauka. Kimya.

Jirani yetu, Baba Pacha, ni askari wa zimamoto. Alikuja mbio, akaingia akitambaa. Alimkuta chini ya meza ya kukatia nguo, mkono wa kushoto umeungua. Akamtoa nje, akaumwagia mkono maji safi kwa muda mrefu, akanikataza kupaka dawa ya meno. Kisha tukakimbilia hospitali.

"Mwanangu, hukusikia nikikuita?"

"Nilisikia, mama. Nilidhani unataka kunichapa."

Jibu hilo linaniuma hadi leo.

"Mama Chiriku," Baba Pacha aliniambia, "mtoto akiogopa hujificha, chini ya kitanda, kabatini. Mfundishe kutoka nje, apige kelele, asirudi ndani hata kufuata mdoli. Moshi ukijaa, atambae. Nguo ikishika moto, asikimbie. Alale chini ajiviringishe. Na ajue hatapigwa."

"Hata kama kosa ni lake?"

"Hapo ndipo hasa, shemeji."

Siku hizi pasi inapoa juu ya rafu asiyoifikia, na nikitoka natoka naye. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi. Mimi nagonga sufuria, yeye anatambaa mpaka getini huku akicheka. Mimi kicheko hakinijii, nikiliona lile kovu.

Wiki iliyopita nilisahau kibiriti mezani. Kosa langu tena. Nikiwa uani nafua, nikamsikia akipiga kelele, "Mama, nimewasha kibiriti! Karatasi zinaungua!"

Nilikimbilia ndani na ndoo ya maji, hiyo moja ikatosha. Nilipotoka, nilimkuta getini, pale pale tulipokubaliana. Alikuwa mzima, hana hata alama mpya.

"Umefanya vizuri kuniambia," nikasema, nikamfungulia mikono.

Aliitazama mikono yangu kwanza, akasita, ndipo akaja.