Mvumo Nyumbani kwa Zebedayo

Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, Enesi alisikia nyuki wakivuma ukutani, ingawa nyuki wote wa mizinga yake walikuwa wamekufa tangu Jumamosi.

Jumamosi hiyo mumewe Zebedayo, mkulima wa kahawa wa Ihanda, aliita droni ya kikundi chao cha wakulima inyunyize dawa shambani. Haja ilikuwepo, kwani mwaka 2023 wadudu walitoboa nusu ya buni zake. Kosa lilikuwa siku: mibuni ilikuwa imechanua, na nyuki walikuwa mauani. Kesho yake Enesi aliwazoa nyuki kwa ufagio kama makapi.

"Baba Lusungu, ukuta unavuma," alinong'ona.

"Upepo huo. Au nao nikauombe radhi kama nyuki wako?"

Kufikia Ijumaa nyumba ilinuka asali iliyoungua. Jumapili, walipotoka kanisani, binti yao Lusungu, mwenye umri wa miaka sita, alifumbua kinywa aombe maji, na badala ya neno ukamtoka mvumo ule ule, mzito, usiokatika hata alipovuta pumzi, ukitikisa vikombe kabatini, huku macho yake yakiwatazama wazazi kwa woga wa mtu anayezama mbele ya watu wasiojua kuogelea.

Aliitwa mganga, Bibi Gwantwa wa vilima vya Ileje. Alitega sikio kifuani kwa mtoto.

"Jini hili lilikaa mizingani. Mmelivunjia makao, limehamia humu."

"Tulitoe kwa maombi, bibi," Enesi alisihi.

"Liende wapi, mwanangu? Leteni mzinga wenye nyuki hai."

Ihanda mzinga kama huo haukupatikana. Zebedayo aliufuata Ileje kwa bodaboda, akarudi ameupakata ndani ya shuka, uso umevimba. Bibi aliusogeza kinywani mwa mtoto. Mvumo ukahamia mzingani, na mzinga ukawekwa nyuma ya nyumba.

"Maji," Lusungu akasema, akalia.

"Mashine siikatai," bibi alisema. "Kahawa ndiyo inayowalisha. Ila maua yakifunguka, ikae chini. Waambieni na majirani."

Zebedayo alianza na Efraimu, jirani waliyepakana naye shamba.

"Wewe umeshanyunyizia," Efraimu alicheka. "Mimi ndiye niwaachie wadudu buni zangu kwa ajili ya jini lako?"

Alhamisi, tarehe 24 Oktoba, saa tatu asubuhi, droni ilipaa juu ya shamba la Efraimu, lililokuwa jeupe kwa maua. Lusungu alikuwa akinywa uji. Akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa kama anayesemeshwa kwa karibu sana.

"Mama," alisema polepole, "linauliza kama nafasi yake bado ipo."