Kura ya Odeta

Jumapili ile Odeta alirudi kutoka kanisani akakuta sufuria isiyo yake katikati ya kitanda. Kitandani jamani, si jikoni! Mlango ulikuwa na kufuli, madirisha yana nondo, na ufunguo alikuwa nao yeye mwenyewe. Akaigeuza, akaona herufi iliyochorwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Ilikuwa sufuria ya Hellen, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyelalamika tangu juzi kwamba ameibiwa. Odeta akafunua mfuniko. Ndani mlikuwa na ute wa kijivu, magamba, na funza wanaopandiana. Akatapika papo hapo, juu ya shuka.

Harufu ya samaki watu wa mtaa ule wa Kiseke wanaijua, wamekua nayo. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikaa kooni, ukimeza mate unaimeza nayo.

Na kama kuna mtu aliyestahili kuitambua, ni Odeta. Miezi miwili nyuma wezi walikuwa wamechachamaa mtaani, wanaiba televisheni, kuku, mpaka nguo za ndani kwenye kamba. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Mashimba, akaitisha kura za siri: kila mtu aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku. Wengi hawakumshuku yeyote, ila wakaandika tu, mtu asionekane kama anawaficha wezi. Odeta alimwandika Okeyo.

Okeyo alikuwa kijana wa watu, anauza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Alikaanga nyuma ya ukuta wa Odeta. Aliiba nini? Hakuiba hata sindano! Odeta alichoka tu na moshi wa karai lake kuingia kwenye mapazia mapya. Na hakuishia kuandika, maana bombani aliwanong'oneza wanawake wenzake, "Muandikeni yule, kura zisigawanyike." Kura zikafika kumi na nne. Walinzi wa mtaa wakamfuata na fimbo saa nne asubuhi, watu wazima wakitazama na watoto wao mgongoni, na siku ya tatu akafa. Mama yake akaja kutoka Mara kuchukua maiti, na hakuna aliyemwambia pole. Wizi ukaendelea vilevile. Mtaa mzima ulitia kinyaa.

Baada ya sufuria ikaja redio, chini ya mto. Kisha viatu vya shule vya mtoto, vimejaa ute. Kila kitu kilikuwa kimetangazwa kuibiwa, na kila kimoja kilikuja mchana kweupe, mlango umefungwa.

"Odeta," mumewe Obedi alimnong'oneza siku aliyorudi kutoka zamu yake ya kiwandani Nyakato, "niambie ukweli. Unavitoa wapi?"

"Haki ya Mungu sijui! Vinakuja vyenyewe."

"Basi virudishe."

"Nikikutwa navyo mkononi je?"

Wote wawili walijua anafanywa nini mtu anayekutwa navyo. Na mzee Mashimba alikwisha kutangaza kura nyingine Jumamosi, safari hii kila atakayetajwa, hata mara moja, nyumba yake ipekuliwe siku hiyohiyo.

Ijumaa mchana Odeta akapiga moyo konde, akaketi kwenye kigoda kizingitini mwa chumba cha kulala, achunge. Kwanza akasikia kutafuna, taratibu, mifupa midogo ikivunjika, halafu harufu ikapanda kutoka sakafuni ikamjaa puani na mdomoni, na huku macho yakimtoka akaona chini ya kitanda mkono mrefu uliochubuka ngozi, umelowa, una magamba mpaka kwenye kucha, unasukuma pasi ya mtu polepole kuja kwake, unaisukuma kwa adabu kabisa kama anayemhudumia mgeni, na kutafuna kukakoma, na sauti yenye mate mengi ikamuuliza, "Kesho nikuletee nini, mama?"

Alikimbia kandambili moja mguuni mpaka kwa bibi Kashindye, mganga, huko huko Nyakato.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapo mlangoni, unanuka."

Odeta akaeleza yote, la kura akalirukaruka. Bibi akamkazia macho hadi akalisema nalo.

"Ni yeye Okeyo, bibi? Amerudi?"

"Okeyo amelala kwao, mwache apumzike. Hilo ni jini, lilikuwa linakula makombo ya karai lake. Mmemuua aliyekuwa analilisha. Wewe ukasema kwa mkono wako kwamba jirani kuna mwizi, nalo limekuja kuwa mwizi wako, likuletee vya watu. Kesho simama mkutanoni, useme mbele za watu kwamba ulimsingizia. Litaondoka."

"Wataniua!"

"Pengine."

"Hakuna njia nyingine?"

Bibi Kashindye akatema mate pembeni. "Litahamia kwa yeyote utakayemwandika. Hilo sikufundishi. Toka kwangu."

Jumamosi watu walijaa darasani kwenye shule ya msingi. Hellen alikuja kukaa kando yake, akampa kalamu.

"Shika hii yangu, dada. Mbona umekonda hivyo? Jioni nitakuletea uji."

Odeta akainuka. Kweli aliinuka, nusu, na mdomo ukafunguka. Kisha akaziona zile fimbo zimeegemezwa kwenye kona chini ya ubao, akaketi. Akaandika Hellen. Kwa nini Hellen, aliyekuwa hajamkosea hata kwa salamu? Kwa sababu alikuwa karibu. Akakunja karatasi, akarudisha kalamu, akasema asante.

Saa tisa alikuwa nyumbani na mumewe, wanakula. Chini ya kitanda palikuwa pakavu. Sufuria, redio, viatu, pasi, vyote havipo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nyumba ilinukia chakula. Odeta alikula sato kwa ugali mpaka akalamba vidole.

Filimbi zikalia nyumba ya pili. Watu wakapiga kelele kwamba vitu vimekutwa chini ya cherehani, vyote, vimelowa. Kisha sauti ya Hellen ikapasua juu ya zote.

"Dada Odeta! Njoo uwaambie! Wewe unanijua, dada!"

Obedi akasimama. "Twende."

"Kaa ule," alisema Odeta. "Chakula kinapoa."

Obedi alimtazama mkewe kama anayetazama kitu kilichotapikwa. Kisha akatoka mbio bila viatu, akielekea kule kwenye fimbo.

Odeta akafunga dirisha. Akavuta sahani ya mumewe upande wake, akamgeuza samaki, akaendelea kula.