Sensa ya Joto ya Mwandu

Nyie mnaojifanya hamuogopi kitu, sikieni yaliyomkuta mshikaji wangu Mwandu. Asubuhi alimgonga mwendesha baiskeli njia ya Sitalike, akamwacha mtaroni anakoroma, akakanyaga mafuta. Kutwa gari likanywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, hadi jioni akalipeleka kwa fundi Sospeter, Mpanda mjini.

Fundi akachomeka mashine ya kupimia gari. "Sensa ya joto imekufa, kaka. Injini inachemka, mashine inasoma nyuzi thelathini na saba. Gari linajiona la baridi, linamwaga mafuta."

Akafunga mpya. Thelathini na saba ileile.

"Hili joto la mtu, au umeoa gari?" fundi akatania.

Mwandu akacheka. Umeme ukakatika. Injini ikabaki inakoroma gizani, na kwenye kioo cha mashine namba zikaanza kushuka, thelathini na sita, thelathini na tano, kama mwili unaopoa mtaroni, huku rejeta ikitokota.