Msonobari wa Mardhiya na Mkungu wa Shamima

Kila siku alasiri Mardhiya akitoka chuo cha Kurani, hutundika mkoba wake, hushika kopo na kuingia kitaluni. Kitalu kilikuwa cha bibi yake, Bi Mize, nyuma ya nyumba yao Mtambile, Pemba. Mikarafuu, midalasini na mishokishoki ilipangwa kwa safu ndani ya viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, na Mardhiya, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, aliijua yote kwa majina na kwa tabia. Alijua upi unakunywa maji mengi na upi ukizidishiwa unaoza. Na kama alilijua jambo, basi alihakikisha na wenzake wanajua kuwa analijua.

Kwa hiyo Mwalimu Nassor alipoliuliza darasa la sita ni mti gani upandwe mbele ya darasa lao, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mardhiya. Mfenesi mkubwa uliokuwapo hapo ulikuwa umeangushwa na upepo, na tangu siku hiyo wanafunzi walipanga mstari juani, jasho likiwatiririka. Shimo lilikwisha kuchimbwa. Nafasi ilikuwa ya mti mmoja tu.

"Tupande msonobari," alisema Mardhiya. "Bibi anao mmoja, ameuotesha kwa mbegu zilizotoka milimani Lushoto. Majani yake ni membamba kama sindano, na ni kijani mwaka mzima. Hauna msimu wa kupukutika. Nani humu hajachoka kufagia?"

Waliokuwa na zamu ya ufagio wiki ile walipiga makofi. Shamima, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, alingoja makofi yaishe. Shamima hakuwa msemaji, lakini akilishika lake haliachi.

"Mie nasema mkungu," alisema. "Unapukutika, ndiyo, lakini matawi yake yanatanda. Darasa zima litakaa chini yake. Upepo wa chumvi hauutishi, na kungu zake tutazipasua kwa jiwe tule viini. Msonobari unakwenda juu tu. Kivuli chake tutakikalia vipi?"

Darasa likagawika pande mbili, kila upande ukijiona ndio wenye akili. Mwalimu Nassor akagonga meza.

"Nyie wawili, kila mmoja alete mche wake," alisema. "Itakaa hapa nje siku arubaini, juani na kwenye upepo. Kila Alhamisi mtaandika kwenye daftari hali ya mche. Utakaohimili ndio utakaotiwa shimoni. Lakini muandike mlichokiona, si mnachokitaka."

Jioni ile Bi Mize aliutoa msonobari wake wa pekee. Alikuwa ameulea miaka mitatu, na kabla ya kumkabidhi mjukuu wake aliupangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

"Huu ni mgeni hapa kwetu," alisema. "Umezoea baridi ya milimani. Usicheze na mizizi yake, mjukuu wangu. Mkungu hata ukiumia hurejea. Huu ukikatika mzizi mkuu, basi tena."

"Najua, bibi."

"Najua unajua. Ndiyo maana nakwambia tena."

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha, Jumatatu ya wiki ya tatu, Mardhiya aliwahi skuli asubuhi na kuubeba mche kuupeleka bombani. Aliubeba kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika ndoo, kwa sababu aliona uvivu kwenda mara mbili. Kiriba kikamponyoka, kikapiga ngazi ya saruji na kupasuka. Ndani ya udongo akasikia kitu kikikatika.

Aliangalia huku na huku. Uwanja ulikuwa mtupu. Akaurudisha udongo haraka, akakifunga kiriba kwa kipande cha kitambaa, akausimamisha mche pale pale ulipokuwa. Msonobari ulisimama vilevile, umenyooka, kijani kabisa.

"Mbona mzima," alijiambia. Na Alhamisi ilipofika aliandika hayo hayo: Mzima. Kijani.

Wiki ile ile mkungu wa Shamima ulianza kubadilika. Majani yaligeuka mekundu, yakadondoka moja baada ya jingine, mpaka ukabaki uchi. Wote walijua kuwa mkungu mkubwa hupukutika na kuchipua tena, hilo si jambo geni Pemba. Lakini mche wa kimo cha goti kubaki bila jani hata moja, wao walihesabu umekufa.

"Shamima, huo sasa ni ufito wa kuchungia mbuzi," alisema Pandu, kiranja wa darasa, na watu wakacheka. Mardhiya naye alicheka, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo.

Shamima aliutia mche wake maji. Aliandika kwenye daftari: Majani yote yamedondoka. Nimetia maji. Alhamisi iliyofuata akaandika: Hakuna jani. Nimetia maji. Chini yake Mardhiya akaandika tena: Mzima. Kijani. Wala hakumtazama usoni.

Siku ya thelathini na tisa darasa lilikwisha kuamua. Kesho msonobari utapandwa, na mkungu utatupwa jaani. Mardhiya alibaki nyuma kuutia mche wake maji kwa mara ya mwisho. Alipougusa, sindano chache zilikatika mkononi mwake, kavu, zikilia kama makuti. Akashituka. Akalikwangua gome kwa ukucha, kama anavyofanya bibi yake kitaluni. Ndani palikuwa pa kahawia, hakuna unyevu hata chembe.

Akaugeukia mkungu, akaukwangua nao. Gome lilikuwa kijani na maji yakamlowesha ukucha. Pale nchani kulikuwa na kichipukizi, kidogo kuliko punje ya mchele.

Alirudi nyumbani, akaingia kitaluni. Bi Mize alikuwa akijaza udongo viribani.

"Bibi, msonobari ukifa, hukaa muda gani kabla haujageuka rangi?"

"Wiki mbili, hata tatu au zaidi. Ule ni mti unaoficha maradhi yake. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Bi Mize alimtazama, kisha akaendelea na udongo wake. Mardhiya alimwagilia safu zote. Akinyamaza, kesho atapigiwa makofi. Skuli itapanda mti mfu, na mti mzima wa Shamima utaozea jaani. Atakayelijua hilo ni yeye peke yake, na atapita mbele ya shimo lile kila siku ya Mungu mpaka amalize skuli. Aliona aibu hata mbele ya miche ya bibi yake.

Asubuhi darasa zima lilizunguka shimo. Bi Mize alikuwa amealikwa, amevaa buibui lake jipya. Pandu alikwisha kuushika mkungu kwenda kuutupa. Mwalimu Nassor akampa Mardhiya msonobari.

"Haya, mwenye ushindi. Utie shimoni."

Mardhiya aliupokea, akauweka chini kando ya shimo.

"Haupandiki, Mwalimu," alisema. "Umekufa. Niliuangusha zaidi ya wiki tatu zilizopita, mzizi ukakatika. Nilificha. Kila Alhamisi niliandika mzima, na kuanguka kwake sikuandika."

"Lakini ni kijani," alisema Pandu.

"Ni kijani kwa nje." Mardhiya alilikwangua gome mbele yao, wakaona. Kisha akamwendea Pandu, akauchukua mkungu mkononi mwake, akawaonyesha gome bichi na kile kichipukizi. "Huu ndio mzima."

Shamima alikuwa akimtazama.

"Ulikuwa unajua, na ukanicheka?"

"Kuwa umekufa nilikuwa sijui mpaka jana. Lakini kuwa nimeuvunja nilijua, na nikakucheka. Nisamehe, Shamima."

Shamima akasogea karibu. Alimpa ncha moja ya kiriba cha mkungu aishike, naye akashika ya pili, wakaushusha mche shimoni pamoja. Mardhiya alielewa kuwa hilo ndilo jibu.

Mwalimu Nassor alimwambia Bi Mize aseme neno, kwa kuwa mti uliokufa ulikuwa wake. Bi Mize aliinama, akauokota msonobari na kuupangusa vumbi, kama siku ile.

"Miaka mitatu nimeulea. Nimeumia, sitasema uongo," alisema. "Lakini mti hauna mdomo wa kusema mzizi umekatika. Mdomo ulikuwa wako, Mardhiya. Ungeniambia siku ile ile, ningeuweka kivulini, ningeutibu, pengine ungepona. Kwa mti umechelewa. Kwa skuli yako na kwa mwenzio hukuchelewa, na kusema mbele ya watu wote hawa si kazi ndogo." Akawageukia watoto. "Na nyie mlioutaka kwa ukijani wake, na mkataka kuutupa huu kwa uchi wake, jifunzeni kukwangua kabla ya kuhukumu. Na mtu akikosea, alitaje kosa lingali bichi. Kosa bichi hutibika."

Mwalimu Nassor akampa Mardhiya daftari. Mardhiya alikaa ngazini, pale pale kiriba kilipopasukia, akapiga mstari juu ya kila neno Mzima na Kijani aliloandika tangu Jumatatu ile. Kisha akaandika kwa hati iliyosimama vizuri: Niliuangusha. Umekufa. Mkungu wa Shamima umechipua. Akaenda kuchota maji, na safari hii alibeba ndoo tu, kwa mikono miwili.