Alama ya Kumi na Mbili

Nilitumwa kuchukua nyundo. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano, saa kumi na moja jioni. Ukungu ulikuwa umeshaanza kuteremka kutoka kileleni, kama unavyofanya huku Uluguru masika yakielekea ukingoni. Mke wangu, Devotha, alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Nilimwomba aniwekee maji ya kuoga, nitarudi kabla ya giza. Akaniambia nisisahau chumvi.

Nieleze kidogo kazi yangu, maana siku hizi haiko tena kama ilivyokuwa. Nilikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi, juu ya Mkuyuni. Kituo chetu kilikuwa na nyundo moja ya chuma, yenye herufi na namba kwenye uso wake. Mti ulioruhusiwa kukatwa uligongwa kwa nyundo hiyo mara mbili. Mara ya kwanza ukiwa bado umesimama, chini kabisa, usawa wa goti, ili alama ibaki kwenye kisiki. Mara ya pili ukishaangushwa, kwenye gogo, ili alama isafiri nalo. Mkaguzi akilikuta gogo barabarani, anajua kuna kisiki chake mahali.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Mwinjuma, Mluguru wa hapo hapo, aliyeulinda msitu ule miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Kila tulipomaliza kugonga miti aliniuliza swali lile lile: "Umehesabu?" Nikimtajia idadi, anasema, "Hesabu tena." Alikuwa na masharti mawili. Alama ya chini ikishapigwa, ya juu lazima ifuate, kazi haiachwi nusu. Na jua likizama nyundo inalala, kwa sababu gizani mtu hajui anachogonga.

Mwaka ule ulikuwa wa kupunguzwa. Viwanda vya mjini Morogoro vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, na serikali nayo ilikuwa inapunguza watu wake. Mzee Mwinjuma alikuwemo kwenye orodha ya kwanza. Alipewa barua ya mistari minne, akaikunja, akaenda nayo nyumbani. Nyundo alikwenda nayo pia, na hakuna aliyemuuliza. Mwezi wa tatu akafariki.

Nyundo ikakumbukwa pale mtu mmoja, Ahmadi, alipopata leseni ya kukata miti.

Leseni ilikuwa ya mikangazi kumi na moja, ile inayozunguka chemchemi. Maji ya vitongoji vitatu yanatoka pale, chini ya mizizi ya miti ile. Niliandika barua tatu kwa ofisi ya mjini. Nilijibiwa moja: suala lako linashughulikiwa. Ahmadi mwenyewe sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa, na sasa alikuwa anafanya alichoruhusiwa kufanya. Kila alipokuja alinisalimia kwa heshima na kuniletea sukari.

Bosi wangu, Bwana Kasimiri, alipanda mlimani Jumatano na gari la ofisi, mafuta ya Ahmadi. Hakunifokea. Aliniita pembeni.

"Ernest, leseni hii sikuiandika mimi," alisema. "Nimeletewa, kama wewe unavyoletewa. Orodha ya pili inatoka mwisho wa mwezi. Jina lako limo, kwa penseli."

Akafuta miwani yake kwa shati.

"Penseli inafutika. Ila lazima wawe wanakuona unafanya kazi. Kalete nyundo. Miti igongwe kabla ya Jumatatu."

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kituo. Mimi ni mtu wa Singida, na ardhi yote ya mlima ule ina ukoo wake. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na mimi na Devotha hatukuwa na pa kwenda. Watu wa chemchemi walikuwa na maji ya kupoteza. Mimi nilikuwa na paa la kupoteza. Nilipima hivyo, na sisemi kwamba nilipima vizuri.

Mjane wa Mzee Mwinjuma, Bibi Mwaisha, alinikuta mlangoni kwake kabla sijapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeifuata."

Hakuuliza ni nini. Alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Kabla ya kulifungua alilaza kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akafungua.

Nyundo ilikuwa imeviringishwa kwenye kanga kuukuu. Uso wake ulikuwa na unyevu, na kipande cha gome kibichi kilikuwa kimenasa kwenye namba.

Akanieleza kwa sauti ya chini, bila hofu, kama mtu anayelalamikia paa linalovuja. Tangu arobaini ya marehemu, nyundo ile haikai. Ikifika magharibi sanduku linakuwa jepesi. Asubuhi limekuwa zito tena, na nyundo ina utomvu. Alimweleza shehe, akasoma dua. Alimweleza kaka yake, mkubwa wa ukoo, akaambiwa mambo ya msitu uulizwe msitu. Alimtuma mtu ofisini kwetu waje waichukue mali yao, wakamwambia asubiri.

"Nimechoka kuilinda," alisema. "Ichukue. Ila jua likizama, mwanangu, usiinyanyue."

Ningekwenda nyumbani. Njia ilikuwa inashuka kulia, chemchemi iko kushoto. Lakini niliwaza habari ya kesho. Kina mama wangekuwepo na ndoo zao. Wangesimama wananitazama ninavyogonga, wala wasingenitukana. Wangenisalimia. Hilo ndilo sikuliweza.

Nikaenda kushoto.

Kwenye chemchemi ukungu ulikuwa mzito hata nikaiona miti kwa kuigusa. Jua sikuliona, na nikajiambia kwamba ambalo halionekani halijazama. Nikachuchumaa penye mti wa kwanza. Nikagonga.

Ko.

Mlio wa mti mbichi ni mzito, unazama ndani. Nikaenda wa pili. Wa tatu. Nilikuwa na hasira, na hasira ikaupa mkono nguvu. Huu wa barua ya kwanza. Huu wa barua ya pili. Huu wa viatu nilivyoahidiwa tangu mwaka juzi. Huu wa mistari minne ya Mzee Mwinjuma.

Nilipomaliza wa saba, adhana ya magharibi ikasikika kutoka bondeni.

Nilisimama. Nyundo ilikuwa imekuwa ya moto mkononi, au mkono wangu ulikuwa baridi. Ilibaki minne tu. Kazi haiachwi nusu, nikajiambia, na nikashangaa nilivyolichukua neno la mzee nikalitumia dhidi ya neno lake jingine.

Nane.

Tisa.

Kumi.

Kumi na moja...

Nikanyoosha mgongo. Maji ya chemchemi yalikuwa yanapita chini ya majani. Hakuna ndege, hakuna chura.

Ko.

Pigo moja. Halikutoka kwenye miti. Lilitoka chini, upande wa nyumbani kwangu. Na mlio wake haukuwa wa mti mbichi. Ulikuwa mwepesi, mkavu, kama wa mbao iliyokatwa zamani.

Nilitazama mikono yangu. Nyundo ilikuwa humo humo. Niliishika kwa mikono yote miwili.

Kisha harufu ikaja. Kwanza ugoro. Halafu, nyuma ya ugoro, harufu ninayoijua kutoka kwenye misiba ya Waislamu, ile wanayowekewa waliokwisha kuoshwa.

Karafuu maiti.

Mtu alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija. Nilisikia tu pumzi, fupi fupi, kama ya mzee aliyepanda mlima.

"Umehesabu?"

Nilijibu kwa sababu nilizoea kujibu.

"Kumi na moja, mzee."

Maji yalikuwa hayasikiki tena.

"Hesabu tena."

Sikuhesabu. Nilikimbia. Nilianguka mara mbili, nikapoteza kofia, lakini nyundo haikuniponyoka. Mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa.

Devotha alikuwa amewasha koroboi, na alikuwa amekasirika. Maji yamepoa, alisema, na chumvi iko wapi?

Akaendelea, "Na ule mchezo gani? Unagonga hodi mara moja halafu unapotea."

"Nimegonga hodi?"

"Si sasa hivi. Tena umegonga chini huku, kama mtoto."

Nilimpokonya koroboi, nikainama. Mwimo wa mlango wetu ulikuwa wa mninga, umekauka tangu kituo kijengwe, miaka ishirini na zaidi. Usawa wa goti, zile herufi na ile namba zilikuwa zimeingia ndani ya mbao, mpya kabisa. Pembeni mwa alama utomvu ulikuwa unachuruzika. Niliugusa. Ulikuwa na uvuguvugu.

Devotha alikuwa mke wa mlinzi wa msitu kwa miaka sita. Hakuhitaji kuelezwa.

"Hiyo ni ya kisiki," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nyumba ndiyo kisiki."

Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu.

Jumatatu mikangazi ilianguka. Niligonga magogo kumi na moja, mchana kweupe, kina mama wakitazama. Walinisalimia. Bwana Kasimiri alipokuja nilimwonyesha mwimo. Alivua miwani, akautazama kwa muda mrefu. Alisema huenda niligonga mwenyewe kwa hasira kisha nikasahau. Nilimkumbusha kwamba nilipotoka nyumbani sikuwa na nyundo. Akasema mjini kulikuwa na wahunzi waliokuwa wanatengeneza nyundo za bandia, wafanyabiashara wananunua, na pengine kuna mtu alitaka kunitisha. Ni kweli, nyundo za bandia zilikuwepo. Nilimuuliza kama za bandia hutoa utomvu kwenye mbao kavu. Akavaa miwani yake.

Niliikabidhi nyundo kwake, akasaini. Baada ya muda nikasikia imepotea stoo.

Mwisho wa mwezi barua yangu ilikuja, mistari minne. Ile penseli ilikuwa imepitiwa kwa wino. Sikwenda kumuuliza Bwana Kasimiri, kwa sababu mwenyewe alikuwa jina la pili chini yangu kwenye orodha ile. Chemchemi ilidumu masika mawili, kisha ikabaki uzi wa maji ambao ng'ombe mmoja anaumaliza. Ahmadi alinunua lori la zamani. Mtu wa kumlaumu nilimtafuta sana wakati ule, na kila niliyemfikia nilimkuta naye ameshika karatasi aliyopewa na mwingine.

Tuliposhuka mjini na kupanga chumba Kihonda, Devotha alifurahi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alisema mambo yamekwisha. Nyumba ilikuwa kisiki, gogo ni mimi, na nimeshaondolewa. Barua ndiyo iliyonibeba. Nilitaka sana iwe hivyo. Nilikubali kwa siku nzima.

Lakini gogo hugongwa. Alama ya chini ikishapigwa, ya juu lazima ifuate. Na mimi sijagongwa na mtu. Yeye pia hajagongwa.

Hivyo tukaanza kukaguana. Kila jioni, tukishaoga, ninamshikia taa na kumtazama mgongo, mabega, nyuma ya shingo. Kisha ananishikia mimi. Mwanzoni tulicheka. Aliwahi kuniambia kwamba wake za watu wengine wanakaguliwa kanga mpya, yeye anakaguliwa kama mbao kwenye geti la ukaguzi. Miaka imepita. Tumeshazoea, kama watu wanavyozoea kufunga mlango kabla ya kulala.

Wiki iliyopita, Alhamisi, ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimekaa uani na shati mkononi, ninasubiri zamu yangu. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Devotha alisogeza taa nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake. Kisha sikuisikia.

"Vipi?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

Alisema neno hilo haraka mno. Jana yake alikuwa ametumia muda mrefu, na siku hiyo hata sekunde kumi hazikufika. Nikamwomba aangalie tena. Akasema mkono umemchoka.

Mkono umemchoka, lakini taa aliibeba mpaka ndani bila kutetemeka, na alipoiweka chini hakunitazama. Hajanikagua tena tangu siku hiyo. Nikimkumbusha anasema sisi ni wazee sasa, tuache mambo ya kitoto. Kioo chetu kidogo cha ukutani hakionekani, na anasema kilivunjika. Kuna mahali katikati ya mgongo ambapo mkono wangu haufiki. Hapaumi. Ni pa baridi tu, na asubuhi shuka hunata.

Na jua likikaribia kuzama, kabla sijasema lolote, ananiletea shati na kuniambia nivae.