Mungu wa Mchana

Kila siku, kabla jua halijachomoza nyuma ya milima, Wema alishuka ziwani na mtungi wake. Alijaza maji, akapanda njia ya mchanga mpaka nyumbani kwao katika kijiji cha Gatete, akawasha moto na kusonga ugali wa muhogo. Kisha alimwita mama yake ale upesi kabla hajalala. Katika nyumba ile mtu alikula asubuhi akaenda kulala, na jioni akaamka.

Mama yake aliitwa Anastazia. Alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na askari wa Wajerumani kubeba mizigo, akafia njiani kwa kuhara. Tangu masika yaliyopita Anastazia alikuwa na usingizi usio wa kawaida. Umande ukikauka, macho yake yalijifumba. Aliweza kusinzia na mwiko mkononi. Usiku, watu wengine wakikoroma, yeye alikaa macho makavu akizungumza kama mtu aliye arusini. Nyuma ya shingo yake palikuwa na vivimbe vigumu kama kokwa za chikichi.

Wema alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alifanya kazi ya watu wawili.

Kijijini kulikuwa na kanisa dogo la matete. Padri aliishi mbali milimani na alishuka mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa mwalimu wa dini, Gervasi, mwanamume mwenye shingo nene, sauti nene na maarifa membamba.

Warundi wana msemo wao wa zamani: Mungu hushinda kwingine, jioni hurudi kulala Burundi. Ni msemo mzuri. Lakini msemo mzuri kichwani mwa mjinga ni kama panga mkononi mwa mtoto. Gervasi aliufanya sheria. Alifundisha kwamba mchana Mungu yuko safarini katika nchi za watu, na kwamba sala ya mchana haifiki popote.

Wakristo wa Gatete waliipenda dini hiyo, na kwa nini wasiipende? Mchana walitia maji katika mawese waliyowauzia wasafiri. Walisogeza mipaka ya mashamba ya wajane. Walitukanana matusi ya kuvunja mawe. Jua likizama walinawa mikono, wakaimba nyimbo za kanisa mpaka mbwa wakabweka. Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, walimwona Mungu kama mwenye shamba ambaye akitoka tu, wezi wanaingia.

Siku moja Wema alimwendea Gervasi.

"Mwalimu, mama anazidi kulala."

"Analala wakati gani?"

"Mchana."

"Na usiku?"

"Usiku yuko macho."

Gervasi alipiga kofi pajani. "Umeona? Mchana Mungu hayupo, shetani anamkandamiza. Usiku Mungu anarudi, shetani anakimbia. Mama yako si mgonjwa, mtoto. Mama yako ni ushahidi!"

"Sasa nifanye nini?"

"Kila Jumamosi jioni nitakuja kumwombea. Wewe andaa kuku."

Kuku walikuwa saba. Baada ya Jumamosi tano walibaki wawili, na Anastazia alikuwa amekonda kuliko hao wawili.

Ndipo ikaja habari kutoka mjini Rumonge. Daktari Mjerumani alikuwa ametuma watu wake kupapasa shingo za wakazi wote wa kando ya ziwa. Kulikuwa na ugonjwa wa malale, ulioletwa na mbung'o wanaokaa vichakani. Mwenye vivimbe shingoni angepelekwa kambini, upande wa kusini, akachomwe sindano. Tena watu waliamriwa wafyeke vichaka vyote vya kando ya maji. Watu wa Gatete hawakufyeka. Kufyeka ni kazi ya mchana, na mchana wao walikuwa na mambo yao.

"Wanakuja mchana," Gervasi alimwambia Wema kwa sauti ya chini. "Sindano ya mchana ni chuma kitupu, haina Mungu ndani yake. Mfiche mama yako."

"Nimfiche wapi, Mwalimu?"

"Kwenye kijito, katika matete. Nani atamtafuta huko?"

Hakuna aliyemtafuta huko isipokuwa mbung'o, maana ndiko nyumbani kwao. Wema, kwa mapenzi yake yote, alimtandikia mama yake mkeka katikati ya mbung'o walioleta ugonjwa wenyewe. Yeye alikuwa mtoto. Aliyemtuma hakuwa mtoto.

Siku ya tatu ya kujificha, Wema alirudi kijijini kuchukua muhogo. Watu wa daktari walikuwa wamefika, na mstari ulikuwa mrefu. Wa kwanza kabisa mbele ya mstari alikuwa Gervasi. Alikuwa ameshusha nguo mabegani na ameinamisha ile shingo nene.

"Papasa vizuri, bwana," alikuwa akisema. "Na huku nyuma pia. Usiruke mahali."

Jua lilikuwa utosini. Wema alisimama na muhogo mkononi akimtazama. Kisha aligeuka akakimbia kurudi kijitoni.

Mkeka ulikuwa mtupu. Chini, ukingoni mwa maji, mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti, akimfuta Anastazia tope usoni kwa kilemba chake. Alikuwa Swedi, Mwislamu wa Rumonge aliyesafirisha chumvi na mawese kwa mtumbwi. Wema alimjua kwa kumwona tu.

"Binti, huyu ni wako?"

"Ni mama yangu."

"Nimemkuta ameteleza, pua iko majini. Ningechelewa kidogo ungekuta maiti. Kwa nini umemweka hapa? Unawalisha mbung'o?"

"Nimemficha asichomwe sindano," Wema alilia. "Mchana Mungu hayupo. Atachomwa peke yake, atakufa."

Swedi alitazama jua, kisha akamtazama yeye. "Nani kakwambia hayo?"

"Mwalimu Gervasi."

"Mimi sitaki ugomvi na dini ya watu. Lakini sisi tunamsujudia adhuhuri, tunamsujudia alasiri, na hajatuma mtu kutuambia turudi usiku. Leo niliingia kijito hiki kukata matete. Mwaka mzima sijaingia hapa. Kama Mungu hayupo, nani kanileta? Gervasi?"

Wema alifuta machozi.

"Una ndugu?"

"Shangazi yangu, Riziki, yuko Kigwena."

"Yule wa mawese? Mwenye ulimi?" Swedi alimwinua Anastazia. "Mungu anisaidie. Ingieni mtumbwini."

Riziki alikuwa dada wa marehemu baba yake Wema. Alibatizwa Maria, lakini hata padri alimwita Riziki. Walimkuta kati ya vyungu vyake, akikoroga mawese yanayochemka. Alimtazama wifi yake, akampapasa shingo kwa vidole viwili, na uso wake ukakazana.

"Tangu lini?"

"Tangu masika, Shangazi."

"Masika! Na mimi niko hapa, mwendo wa asubuhi moja, nanuka mafuta kama mjinga, hakuna aliyeniambia!" Kisha akasikiliza habari yote, ya Mungu wa usiku, ya kijito na ya kuku. Aliposikia ya kuku aliweka mwiko chini. "Kesho tunakwenda kambini. Swedi, utatupeleka?"

"Nakataaje, na huo mwiko uko karibu hivyo?"

Kesho yake, mtumbwi ukiwa tayari, Gervasi alitokea akihema. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Amahoro, Mama Riziki."

"Amahoro. Umetoka mchana huu? Huogopi?"

"Unamchukua muumini wa kanisa langu bila ruhusa."

"Kanisa lako? Mimi nilidhani ni la Mungu. Ah, nimesahau. Mchana anakuachia wewe."

Swedi alicheka mpaka kafi likamponyoka.

"Chekeni," alisema Gervasi. "Sindano hiyo imepofusha watu. Nimewaona."

Hapo alisema kweli, na Riziki hakukana. "Imepofusha wengine. Wengine wamekufa pamoja na sindano yao. Na waliolala vichakani wakimngoja Mungu arudi jioni, wamepona wangapi? Nitajie mmoja."

Gervasi alikung'uta vumbi nguoni.

"Na wewe jana ulipeleka shingo yako ya nini?"

"Nilikuwa natoa mfano kwa watu."

"Ulisema, 'Papasa vizuri, bwana, usiruke mahali,'" alisema Wema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. Gervasi alitazama ziwa kana kwamba ameona samaki wa ajabu, kisha akaondoka.

Lakini Anastazia alikuwa ameamka kidogo kwa kelele hizo, naye alishika mti wa nyumba kwa mikono miwili. "Siendi," alisema. "Siendi kwenye sindano. Wema, waambie."

Riziki alimgeukia Wema. "Siwezi kumfunga wifi yangu kamba kama mbuzi. Anakusikiliza wewe. Sema twende au sema tubaki, lakini sema sasa."

Wema aliwaza. Akisema twende, mama angeweza kupofuka, na lawama ingekuwa yake. Akisema tubaki, angezidi kulala mpaka siku asiyoamka. Alikuwa hajawahi kusali mchana maisha yake yote. Alifumba macho, jua likimchoma utosini.

"Mungu," alisema, "ni mchana. Kama upo, twende wote. Sijui kama utamponya. Ila usituache."

Hakusikia sauti. Hakuona nuru. Mbung'o mmoja alimuuma mkononi, naye akamwua kwa kofi. Lakini aligundua kwamba amesema maneno yale kama mtu anavyozungumza na aliye karibu, bila kupaza sauti kama walivyofanya kanisani kwa Gervasi, na moyo wake ukatulia kiasi cha kuweza kusema.

"Mama, naogopa pia. Nitakushika mkono wakati wote. Simama."

Anastazia aliuachia ule mti, akasimama.

Kambi haikuwa mahali pa raha. Ilikuwa vibanda vya nyasi, harufu ya dawa, na watu waliokonda wakingoja kuitwa. Wengine walizikwa, na Wema aliwaona wakizikwa. Kila siku ya sindano alimshika mama yake mkono na kusali, na mara zote ilikuwa mchana, kwa sababu daktari hakuchoma sindano gizani. Siku zilizobaki aliteka maji, aliwapikia wagonjwa wasio na watu, na alifyeka vichaka pamoja na wengine mpaka viganja vikatoka malengelenge. Huko Gatete hawakufyeka hata kimoja.

Ilipita miezi mingi. Jicho la kushoto la Anastazia lilififia na halikurudi kuona vizuri. Lakini vivimbe vilipungua, na siku moja mchana Wema alimkuta ameketi, akichagua mawe katika maharage na kumsengenya jirani yake. Wema alilia kwa furaha. Usiku ule mama yake alilala kama watu wote.

Waliporudi walihamia Kigwena kwa Riziki. Gervasi, kwa taarifa yenu, alitangaza kanisani kwamba maombi yake ya Jumamosi ndiyo yaliyomponya Anastazia. Wapo waliosema amina. Mtu aliyezoea kudanganywa hukasirika ukimwonyesha ukweli, na wa Gatete walikuwa wamezoea sana.

Asubuhi moja Wema na shangazi yake walikuwa wakitwanga chikichi zilizochemshwa. Anastazia alikuwa kando akipepea moto.

"Shangazi," alisema Wema, "wazee walidanganya? Ule msemo ni uongo?"

Riziki alifuta jasho kwa mkono wenye mafuta. "Wazee hawakudanganya. Walisema hivyo kwa furaha. Mtu hurudi kulala mahali anapopapenda, si ndiyo? Basi wao walisema: Mungu anatupenda, kwetu ni kwake. Gervasi na wenzake wakaugeuza. Wakamfanya Mungu mgeni wa kulala, wa kupewa mkeka jioni na kufukuzwa alfajiri, ili wabaki na mchana wao mchafu. Unajua kwa nini walisema mchana hayupo? Si kwa sababu hawakumwona. Ni kwa sababu hawakutaka awaone."

"Lakini mama angeweza kufa kambini, ingawa tulisali."

"Angeweza. Wengine walisali wakafa, na walikuwa watu wema kuliko mimi. Kumtegemea Mungu si kumwekea masharti, mwanangu. Ni kujua kwamba anakupenda na yuko nawe ukiwa na sindano, ukiwa na panga la kufyekea, ukiwa na hofu tumboni. Ukijua hivyo, unafanya lililo sawa hata kama magoti yanagongana. Ulifanya hivyo siku ile ya mtumbwi. Mkubwa mwenye kanisa zima mkononi hakuweza."

Anastazia alimtazama binti yake kwa jicho lake zima. "Wakati ule nilisikia unavyosali," alisema. "Ndiyo maana nilisimama."

Wema aliinamisha kichwa. Machozi yalitaka kumtoka, lakini Riziki hakuwa mtu wa kuacha kazi ilale kwa ajili ya machozi.

"Haya, sali huku unatwanga," alisema. "Atasikia tu. Na mchi wako ukinyamaza, ujue hilo nitalisikia mimi."